Kamera tatu za plastiki kwa shilingi 9,000: ninunue?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Kisauni, Mombasa, na nafanya biashara ndogo ya vitu vya mtumba mtandaoni. Pale Kongowea kuna mzee ana kamera tatu za plastiki za kutia filamu. Moja ni Holga 120N, ya pili imeandikwa Windsor mbele, ya tatu ni Kodak Instamatic. Anataka shilingi 9,000 kwa zote na hataki kuzitenganisha. Asema ni za kale, hazitengenezwi tena, na watu wa ng'ambo wazitafuta kwa udi na uvumba. Nataka kubaki na moja nijifunzie, nyingine niziuze. Je, bei hiyo ni ya haki? Nizikague vipi, na nikiuza nisipate hasara wala lawama?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa 9,000 usinunue. Si kwamba kamera hizo ni takataka. Mbili kati yake ni nzuri sana, na ningefurahi kuziona mikononi mwa kijana anayetaka kujifunza. Ila mzee amepanga bei kwa umri na jina, na kamera ya plastiki haipimwi hivyo. Jiulize mawili. Filamu yake yapatikana leo? Na mwanga waingia kwa mbele tu, au wapenya na kwengine? Kamera isiyojibu vizuri maswali hayo ni pambo la rafu, hata iwe na miaka mia.

Kwa upande wa filamu, Kodak yako ndiyo inayokwama. Instamatic zilianza kuuzwa mwaka 1963. Zilikuwa rahisi kutumia kwa sababu filamu yake, iliyoitwa 126, ilikuja ndani ya kikasha cha plastiki: wakitumbukiza, wafunga, wapiga. Zilipendwa mno. Kufikia 1970 Kodak walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 50, kwa hivyo mtu akikwambia Instamatic ni adimu, muulize adimu wapi. Vikasha vile havitengenezwi tena. Wako wapenzi wanaookota kikasha kitupu na kukijaza filamu ya kawaida ya 35mm gizani, lakini hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira na muda, na mteja wako wa mtandaoni si huyo. Hesabu Kodak hii kuwa ni pambo.

Holga na Windsor zatumia filamu ya 120, ile pana yenye karatasi mgongoni, ambayo wapiga picha wa studio wameitumia miaka nenda miaka rudi. Ilitoka mwaka 1901 na mpaka leo kampuni za Kodak na Ilford zaitengeneza. Hapo ndipo thamani ya mali ya mzee ilipo. Na kwa kuwa wazunguka Kongowea, shika na hili: utakutana na kamera za Kodak ziitwazo Brownie zinazotaka filamu ya 620. Filamu yenyewe ni ile ile ya 120, ila spuli yake, kile kigurudumu inachokunjiwa, ni nyembamba, na roli ya 120 ukiitia vivi hivi mara nyingi hukwama. Nyingine zataka 127, ambayo ni ndogo zaidi na ngumu kuipata. Soma maandishi ndani ya mgongo wa kamera kabla hujauliza bei.

Sasa hayo maneno ya "hazitengenezwi tena". Holga ilitoka Hong Kong mwaka 1982. Kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2015, watu wakasikitika, kisha mwaka 2017 ikarudi sokoni. Mpya huuzwa ng'ambo kwa dola 40 hivi, yaani shilingi 5,000 na ushei kabla ya nauli na ushuru. Kwa hivyo iliyotumika, isiyo na boksi wala karatasi zake, haiwezi kukaribia bei hiyo.

Windsor ina habari yake. Miaka ya 1960 kiwanda kimoja cha Kowloon, Hong Kong, kiitwacho Great Wall, kilitoa kamera ya plastiki iitwayo Diana. Ilikuwa ya bei ya chini kabisa, ya kupewa mtoto au kushindaniwa kwenye bahati nasibu za maonyesho. Kamera za umbo hilo hilo ziliuzwa kwa majina chungu nzima: Anny, Arrow, Banier, Dories, na Windsor yako ni katika hao. Mkusanyaji wa vitu vya kale hulipa zaidi akiona jina Diana lenyewe, na zaidi tena likiwa na boksi. Mpiga picha hajali, kwa kuwa picha ni zile zile. Mwaka 2007 kampuni ya Lomography ilitoa Diana mpya, Diana F+, lakini ile ya zamani bado ina watu wake. Basi usikubali mzee akwambie Windsor ni ya peke yake duniani, wala baadaye usikubali mnunuzi mjanja akwambie ni feki ili akupunje.

Na watu wazitafutiani? Kwa picha zake. Lenzi ni kipande kimoja cha plastiki. Katikati huona vizuri kiasi, kisha kadiri unavyokwenda pembeni mambo hulainika, na pembe nne hufifia kuwa nyeusi. Uso wa mtu aliyesimama katikati hutoka kama umezungukwa na kivuli cha makusudi. Mpiga picha wa Marekani David Burnett, mtu wa magazeti makubwa mwenye uwezo wa kubeba kamera yoyote aitakayo, alimpiga Al Gore kwa Holga katika kampeni za urais za mwaka 2000, na picha ile ikapata tuzo ya wapiga picha wa habari wa Ikulu ya Marekani. Jua letu la pwani pia laipenda kamera hii. Shata ya Holga, yaani kile kilango kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga, ina kasi moja tu, karibu sehemu moja ya mia ya sekunde, na tundu lake la kupitisha mwanga ni dogo, kwa hivyo yataka mwanga mwingi. Mombasa mwanga si tatizo. Filamu ya ISO 100 yatosha mchana kweupe (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga, na namba ikipanda, mwanga mdogo watosha); siku za mawingu ya kusi au ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale, tia ISO 400.

Tuje kwenye ukaguzi, na hapa usiwe na haraka. Nenda mchana, mzee akiwa hana wateja wengi, umuombe ruhusa ya kufungua.

Kabla hujafungua chochote, tazama kile kidirisha chekundu mgongoni. Ukiona karatasi yenye namba nyuma yake, kuna filamu ndani na usifungue. Zungusha kitasa cha kukunjia mpaka uhisi kimelegea, ndipo ufungue kivulini, uifunge roli kwa kile kipande chake cha gundi au mpira, uitie mfukoni. Nitairudia habari ya roli hiyo, kwa sababu ina uzito wake.

Kwenye Holga, mgongo wote hutoka. Washikiliwa na vibanio viwili vya chuma, kimoja kila ubavu, na vibanio hivyo hivyo ndivyo mkanda wa shingoni unaponing'inia. Yaani kila ukiitundika kamera shingoni, uzito wake unavuta kile kinachofunga mlango. Ndiyo maana wenye Holga wote watembea na tepu nyeusi ya umeme. Vikague kama vimeota kutu. Chumvi ya bahari huvila. Vikiwa vimelegea, tepu itaokoa. Kama plastiki ya mgongo imepasuka pembeni, hiyo punguza bei bila kuona haya.

Mgongo ukishatoka, elekeza kamera mbinguni, mbali na jua lenyewe, uchungulie kutoka nyuma huku ukibonyeza kile kitufe kilicho ubavuni mwa lenzi. Waona duara dogo la mwanga likifunguka na kufunga? Rudia mara kumi, kumi na tano. Shata ya Holga ni kibati na springi, na springi iliyochoka hufanya kazi mara tatu, ya nne ikachelewa. Wauzaji wengi watakwambia "yalia, sikiliza". Mlio si dalili ya kitu. Macho yako ndiyo yaone mwanga. Chini ya lenzi kuna kiswichi chenye herufi N na B. Kikiwa kwenye B, shata hubaki wazi mpaka uachie kidole, na picha zote hutikisika. Watu wameuza Holga nzima kwa bei ya kutupa wakidhani ni mbovu, kumbe kiswichi kilisogea ndani ya mkoba.

Halafu tazama lenzi kwa tochi ya simu, ukiipiga mwanga kwa ubavu. Vumbi lisikutishe, wala mikwaruzo midogo haionekani kwenye picha. Kinachotisha ni kuvu: vijinyuzi vyeupe kama utando wa buibui. Kwa unyevu wetu huu, kamera iliyolala kabatini misimu kadhaa ya mvua huota kuvu kwa urahisi. Kama iko juu juu, pamba laini yenye maji na sabuni kidogo yaiondoa. Usithubutu kutumia tina wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha: lenzi ya plastiki itageuka ukungu na haitarudi.

Ndani, hakikisha ipo spuli tupu upande wa kukunjia, maana bila hiyo huwezi kuvuta filamu. Kama haipo, omba spuli ya roli iliyokwisha kwa mpiga picha yeyote wa 120. Tazama na ile fremu nyeusi ya plastiki. Iko ya mraba ya picha 12 na iko nyembamba ya picha 16, na mgongoni kuna mshale wa kuchagua 12 au 16. Mshale na fremu lazima vikubaliane. Visipokubaliana, picha hupandana au huacha mapengo.

Windsor ni nyepesi zaidi na dhaifu zaidi. Kufuli yake iko chini, na plastiki ya pembe hupasuka haraka, basi pitisha ukucha pembeni taratibu ukitafuta nyufa. Zungusha lenzi uone kama yaenda mpaka mwisho bila kukwama, kisha pima shata kama ulivyofanya kwa Holga. Picha zake ni 16 kwa roli, za mraba wa sentimita nne hivi. Ukifika nyumbani, washa tochi ndogo kabisa, iweke ndani ya kamera, funga mgongo, zima taa za chumba. Mahali popote utakapoona mstari wa mwanga, ndipo tepu yakwenda.

Kuhusu ile roli uliyoikuta ndani, au bahasha ya negativu, zile filamu zilizokwisha safishwa, ambayo mzee atakupa kama nyongeza. Mombasa, kamera za nyumbani zimeingia mahali ambapo mpiga picha wa studio haruhusiwi: kwenye kupamba bi harusi, kwenye sherehe za wanawake, kwenye vyumba vya ndani. Picha hizo hazikupigwa ili zionwe na mimi wala wewe, na hakika hazikupigwa ili zipandishwe mtandaoni kunogesha tangazo la kuuza kamera. Muulize mzee vitu vimetoka nyumba gani. Kama familia yajulikana, zirudishe. Kama haijulikani na waamua kusafisha roli hiyo, mpe kazi mtu mwenye heshima, na ukiona ni picha za faragha zihifadhi au ziharibu. Kuna wanunuzi wa ng'ambo wanaolipa kwa negativu za watu wasiowajua. Mimi sikushauri biashara hiyo hata kidogo.

Turudi kwa mzee. Holga ikipita ukaguzi, ihesabu 3,000. Windsor nzima, 1,800. Kodak, 200. Jumla 5,000, na kwa kuwa hataki kuzitenganisha unaweza kufika 5,500 kwa heshima ya mvi zake. Shata ya Holga ikisita, toa 1,500 hapo hapo, na umwoneshe kasoro kwa macho yake asidhani wamdharau. Mueleze pia, kwa upole, kwamba Holga imerudi kutengenezwa. Muuzaji aliyeelezwa ukweli hushuka bei kwa urahisi kuliko aliyebishiwa.

Ushauri wangu: baki na Holga, uza Windsor. Holga ni imara kidogo, ikiharibika nyingine yapatikana, na ndiyo shule nzuri ya kuanzia. Windsor ndiyo inayotafutwa na wale wanaotaka kitu cha kizazi cha kwanza. Kodak ipeleke kwa wapambaji, hasa wenye mikahawa na nyumba za wageni kule Nyali na Bamburi, na uiuze waziwazi kama pambo.

Sasa ukae na hesabu ya roli ya majaribio, maana hapa ndipo wauzaji wengi wa kamera hizi wanapokula mtaji wao. Tuseme roli ni shilingi 2,000, kusafisha na kuskani 1,000. Hiyo ni 3,000 kwa picha 12 za Holga, yaani 250 kila picha, na kama wasafishia Nairobi ongeza nauli ya basi. Kwa kamera unayobaki nayo, hiyo ni ada ya masomo. Lakini Windsor ukiinunua 1,800, ukaitilia roli ya 3,000, kisha ukaiuza 3,500, umefanya kazi ya hasara. Njia ni mbili. Ya kwanza, tafuta filamu iliyopitwa na muda, ambayo huuzwa chini zaidi, uitumie kuona tu kama mwanga unavuja na shata yafanya kazi. Kila miaka kumi iliyopita tangu tarehe ya mwisho, filamu ya rangi yataka mwanga mara mbili, basi piga juani. Ya pili, uza bila kujaribu kwa filamu, na useme hivyo. Neno "imejaribiwa" lisikutoke kama hujaona picha iliyotoka ndani ya kamera hiyo hiyo.

Tangazo lako laweza kusema hivi: "Windsor, ya ukoo wa Diana, Hong Kong, miaka ya 1960. Yatumia filamu ya 120, picha 16. Shata nimeipima kwa macho mara kumi na tano, yafungua na kufunga. Sijaijaribu kwa filamu. Ufa mdogo pembe ya chini kushoto, nimeuziba kwa tepu, picha ya tatu yaonesha. Lenzi haina kuvu. Spuli tupu imo. Filamu haimo." Piga picha za mbele, za nyuma, za ndani mgongo ukiwa wazi, na ya ufa kwa karibu. Mtu akinunua kwa tangazo kama hilo, hana la kukurudia. Na kila kitu kiandike, ulinunua kwa nani, kwa ngapi, ukatumia ngapi, kwa sababu mali bila daftari huisha bila habari.

Malipo: ujumbe wa M-Pesa wa kughushi bado watembea sana. Usikabidhi kamera kwa kusoma ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, wala ule ulioingia kwako kutoka namba ya kawaida. Fungua menyu yako mwenyewe utazame salio. Ukituma kwa basi, toa spuli isigongane ndani, funga lenzi kwa kitambaa laini, kisha sanduku gumu. Ukituma ng'ambo kwa Posta, mueleze mnunuzi mapema kwamba ushuru wa nchini kwake ni juu yake, na usiache filamu ndani, kwa kuwa mashine za ukaguzi za mizigo huweza kuiharibu.

Mpaka ziuzike, usiziweke kwenye mkoba wa ngozi wala ndani ya gari. Chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya chatosha. Usitumie mchele, vumbi lake huingia kwenye shata.

Mzee akikataa kabisa kushuka chini ya 9,000, mshukuru, muachie namba yako ya simu, na uende zako. Kwa pesa hizo waweza kuanza hesabu ya kuagiza Holga mpya kutoka ng'ambo, ukiulizia kwanza nauli na ushuru wake.